Mwanao Anasoma Sheria? Usimkataze Kukaa na Wenzake

Ilikuwa Jumamosi alasiri, mwezi wa tatu, nasi tulikuwa uani tunachambua mchele wa shughuli ya jumuiya ya kesho yake, mara lango likafunguliwa. Aliyeingia ni binti wa dada yetu, ambaye tulijua yuko chuoni. Hakuwa amepiga simu. Alikuwa na mkoba mdogo begani, akasema, "Shikamoo, mama mdogo," akavuta kigoda, akauchukua ungo mikononi mwetu na kuanza kuchambua. Mama mwenzetu, wewe mwenyewe unajua. Mtoto akirudi nyumbani siku isiyo ya likizo, halafu akashika kazi kabla ya kuagizwa, kuna jambo. Tulimwacha. Alipomaliza na kuanza kuuchambua mchele uleule mara ya pili, ndipo aliposema: "Mama mdogo, nimepata sapu tatu."

Kwa wale ambao watoto wao hawajafika huko, sapu ni mtihani wa marudio. Mwanafunzi aliyeshindwa somo hupewa nafasi nyingine ya kulifanya. Akishindwa tena, kutegemea kanuni za chuo chake, huenda akalibeba somo hilo hadi mwaka unaofuata, au akaondolewa chuoni kabisa, jambo ambalo wenyewe wanaliita kudisko. Huyu binti yetu alikuwa mwaka wa kwanza wa sheria, na muhula ule alikuwa na masomo sita. Nusu nzima ilikuwa imemwangusha.

Hatukulala vizuri usiku ule. Huyu ni mtoto aliyemaliza kidato cha sita kwa daraja la kwanza katika mchepuo wa HGL, mtoto wa midahalo, ambaye tangu darasa la tano majirani walikuwa wakimwita wakili. Mama yake anauza vitenge Morogoro, na kila alichokiweka akiba kilikuwa na jina la mtoto huyu. Tulijiuliza yale ambayo kila mzazi hujiuliza. Je, amepata mwanamume? Je, amejifunza ulevi? Au anashinda kwenye simu? Hapakuwa na hata moja kati ya hayo. Kadiri tulivyozidi kumwuliza, ndivyo tulivyozidi kuona kwamba kosa moja kubwa lilikuwa letu sisi.

Siku tulipomsindikiza chuoni tulimpa wosia, tena kwa sauti kubwa mbele ya wenzake. Tulimwambia: "Umekuja kusoma, hukuja kutafuta marafiki. Ukitoka darasani, chumbani. Ukitoka chumbani, darasani." Alitutii. Alipoalikwa kwenye vikundi vya kusoma alikataa. Alifunga mlango, akasoma peke yake hadi saa nane za usiku, na kwa kuwa hakujua ni kipi cha kushika na kipi cha kuacha, aliandika kila kitu. Alituonyesha kaunta buku lake. Kesi moja tu ilikuwa imejaza kurasa kumi na moja.

Kwa nini wenye akili huanguka

Sisi hatukusoma sheria, kwa hiyo ilibidi tueleweshwe, na tulichoelewa tunakupa kama tulivyokipokea.

Kesi ile ya kurasa kumi na moja ni ya Uingereza, iliyoamuliwa mwaka 1892, na inafundishwa kila mahali penye sheria ya mikataba iliyotokana na Waingereza. Kampuni moja ilitangaza gazetini kwamba mtu akikitumia kifaa chake cha kujikinga na mafua makali kama ilivyoelekezwa, na bado akaugua, atalipwa pauni 100. Mama mmoja, Bibi Carlill, alikinunua, akakitumia, akaugua, akadai fedha zake. Kampuni ikasema lile lilikuwa tangazo la biashara tu, wala haikufanya mkataba naye. Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba mkataba ulikuwepo, na mama yule alipwe.

Binti yetu aliweza kuisimulia hadithi hiyo tangu mwanzo hadi mwisho pamoja na majina ya majaji. Lakini mtihani haukumwuliza yaliyompata Bibi Carlill. Mtihani wa namna hii hukuletea habari ngeni: mwenye duka Kariakoo amebandika tangazo kwamba atakayenunua mifuko kumi ya saruji atapewa mmoja bure, mteja amenunua, mwenye duka anakataa, mshauri mteja. Hapo mwanafunzi anatakiwa aone swali la kisheria liko wapi, aitaje kanuni inayohusika, aifananishe au aitofautishe kesi ya zamani na habari hii mpya, ndipo atoe ushauri. Mtoto aliyefundishwa miaka kumi na mitatu kwamba kufaulu ni kurudisha alichoandika mwalimu ubaoni, anaandika habari za Bibi Carlill kurasa tatu na kupata alama nane kati ya ishirini. Haelewi kosa lake ni nini, maana kila alichoandika ni kweli!

Ongeza na lugha. Tangu mwaka 2021 sheria yetu imeifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na ni jambo jema. Lakini hukumu nyingi ambazo mwanafunzi anapaswa kuzisoma ziliandikwa kwa Kiingereza, nyingine kwa Kiingereza cha babu zao majaji wa London, na Kilatini kimepandwa humo kama mawe kwenye mchele.

Halafu kuna wingi wa wanafunzi. Kitivo cha sheria cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kilikuwa na wanafunzi 14. Kumi na wanne! Mwalimu alimjua kila mmoja kwa jina, na aliyekuwa hajaelewa alionekana usoni. Siku hizi ukumbi mmoja wa mwaka wa kwanza unaweza kuwa na mamia. Mhadhiri anasema kwenye kipaza sauti, na aliyeketi nyuma kabisa anaweza kumaliza muhula mzima bila mtu kugundua kwamba amepotea tangu wiki ya pili.

Wala tusidhani kwamba shimo la mwaka wa kwanza hujifukia lenyewe. Utakumbuka Oktoba 2022, matokeo ya Shule ya Sheria, ile ambayo wenye shahada huipitia kabla ya kuwa mawakili, yalivyotikisa nchi. Kati ya wanafunzi 633, waliofaulu masomo yote moja kwa moja walikuwa 26. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 walishindwa kabisa. Serikali iliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza jambo hilo. Mengi yalisemwa wakati ule, na lawama ziligawanywa pande zote. Sisi tuliwaza akina mama wa wale 265, ambao walikwisha kushona sare za sherehe.

Jumatano chini ya mwembe

Aliyemwokoa binti yetu ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayeishi ghorofa moja naye bwenini. Alimkuta analia bafuni. Hakumhubiria. Alimwambia tu kwamba yeye mwenyewe alipata sapu mbili mwaka wake wa kwanza, na kwamba Jumatano saa kumi jioni yeye na wenzake wawili wa mwaka wa tatu hukaa na wadogo zao nyuma ya maktaba, chini ya mwembe. Aje na kesi moja tu, aiandike kwenye nusu ukurasa. Si zaidi.

Tuliomba ruhusa tukaenda kuona. Tulitegemea kukuta ubao na mtu anayefundisha. Tukakuta vijana wanane wameketi kwenye benchi la saruji na juu ya mizizi, wanabishana. Yule dada wa mwaka wa tatu alisema machache kuliko wote. Kazi yake ilikuwa kuuliza.

Siku ile, labda kwa sababu mgeni mwenyewe alikuwa mama wa makamo, alichagua kesi ya ndoa, ingawa mambo ya ndoa hufundishwa kwa undani baadaye. Ni kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Tanzania mwaka 1983. Bi Hawa aliachika, akadai sehemu ya mali iliyopatikana wakati wa ndoa. Hakuwa na mshahara. Alikuwa mke wa nyumbani tu, na katika mahakama za chini alishindwa. Majaji walikuwa wamegawanyika kwa miaka kadhaa: wengine walisema kupika, kufua na kulea si mchango katika mali, wengine walisema ni mchango. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinataja mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja, na hapo ndipo ubishi ulipokuwa.

Dada yule akauliza, "Nani alishinda?" Vijana wote wakajibu kwa pamoja kwamba Bi Hawa alishinda. Sisi nasi tulitikisa kichwa, maana katika semina za akina mama tumeisikia kesi hiyo mara nyingi ikitajwa kama ushindi wetu. Akauliza tena, "Alipewa shilingi ngapi?"

Kimya. Karatasi zikaanza kufunuliwa. Kijana mmoja mwembamba mwenye miwani ndiye aliyeona kwanza. Bi Hawa hakupewa kitu. Mahakama ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa, na hiyo ndiyo kanuni iliyobaki hadi leo ikiwasaidia wanawake wengine. Lakini ilionekana pia kwamba mumewe alikuwa amempa fedha za mradi kwa ajili ya familia, naye akazitapanya, na mahakama ikasema kwa namna hiyo alikuwa amekwisha kula fungu lake.

"Basi," dada akasema, "tofautisheni. Kuna yaliyompata Bi Hawa, na kuna sababu iliyobeba hukumu. Mkiulizwa habari ya mke mwingine ambaye hakutapanya kitu, mtachukua ipi?" Wakaanza kubishana upya. Binti yetu, ambaye kwa miezi mitano hakuwa amefungua mdomo darasani, alimkatiza mwenzake mara mbili. Sisi tulikaa kimya juu ya mzizi wetu, tumeduwaa, kwa kuwa miaka yote hiyo tulikuwa tukiitaja kesi ya Bi Hawa bila kuijua mwisho wake.

Alichokosa binti yetu hakikuwa akili, wala bidii. Alikosa mtu wa kumwuliza, "Shilingi ngapi?" Kitabu hakikuulizi. Mhadhiri mwenye mamia mbele yake atakuuliza kwenye mtihani, na hapo umechelewa. Mwenzako aliyepita njia hiyo miaka miwili tu iliyopita, ambaye bado anakumbuka alipojikwaa, ndiye anayekuuliza kwa wakati.

Wengine wamekwisha kuliona

Jambo hili si uzushi wa vijana wetu. Mwaka 1973, katika chuo kikuu cha Missouri kilichoko Kansas City, Marekani, mama mmoja msomi aitwaye Deanna Martin alianzisha mpango wa wanafunzi kuwasaidia wanafunzi, kwanza kwa masomo ya uganga, na tangu hapo umeenea nchi nyingi. Umefika hata Australia. Siri yake moja tunaipenda sana. Mpango haumtafuti mwanafunzi dhaifu, unalitafuta somo gumu. Somo likijulikana kuwa linaangusha wengi, kikundi kinafunguliwa kwa wote wanaolisoma, wenye alama za juu na wa chini. Hivyo anayekwenda haoni aibu. Msaidizi ni mwanafunzi aliyelifaulu somo lile vizuri. Anafundishwa namna ya kuongoza, anarudi kuketi darasani pamoja na wadogo zake ili ajue mhadhiri amesema nini, na hatoi alama kwa mtu.

Ipo na habari nyingine ambayo ilituchoma moyo. Katikati ya miaka ya 1970, katika chuo kikuu cha California kilichoko Berkeley, mwalimu wa hisabati Uri Treisman alitaka kujua kwa nini wanafunzi weusi wengi walikuwa wakianguka katika hisabati ya mwaka wa kwanza wakati wenzao wa asili ya Kichina wakifaulu. Walimu walikuwa na majibu tayari: hawana bidii, hawakuandaliwa, wazazi wao hawajali. Akawafuata 20 wa kundi hili na 20 wa kundi lile hadi vyumbani mwao. Aliona kwamba wale weusi walikuwa na bidii, na wazazi wao waliwajali mno. Ila walisoma peke yao. Walikuwa wamezoea tangu shuleni kwamba anayefaulu ni yule anayejitenga na wenzake. Wale wa Kichina walisoma kila mmoja kwanza, kisha jioni wakakusanyika, wakala pamoja, wakakaguana kazi na kuambiana waziwazi, hapa umekosea. Treisman alipowaandalia weusi vikundi vya kufanya maswali magumu pamoja, matokeo yao yalipanda sana.

Hisabati si sheria, lakini tuliposikia habari ya watoto wenye bidii waliojifungia vyumbani, tulimjua mmoja wao.

Ya kuangalia

Hatusemi kwamba kila kikundi ni kizuri. Kuna vikundi vya soga, hilo kila mtu analijua, wala halihitaji maneno mengi. La hatari zaidi ni kuandikiana kazi. Msaidizi akishika kalamu na kumwandikia mdogo wake jibu, amemwibia, na wote wawili wakigunduliwa wanaadhibiwa. Kule chini ya mwembe tuliona sharti moja: kazi ambayo mhadhiri ametoa na bado haijakusanywa haijadiliwi majibu yake. Wanatumia mitihani ya miaka iliyopita.

Kuna pia biashara ya madesa, yaani maelezo yaliyofupishwa na kurudufiwa mwaka hadi mwaka. Binti yetu alikwisha kununua matatu. Moja lilikuwa na sheria iliyokuwa imerekebishwa zamani, lakini desa halikuwa na habari. Msaidizi naye ni mwanafunzi, anaweza kukosea, na yule dada alipobanwa na swali alisema bila aibu kwamba hajui, wampelekee mhadhiri siku ya Ijumaa, saa zake za kuonana na wanafunzi.

Na sisi wenye mabinti, tuseme wazi. Mwanamume wa mwaka wa nne anayetaka kumfundisha binti wa mwaka wa kwanza chumbani, saa tatu usiku, peke yake, hakuja kufundisha mikataba. Kikundi kikae mahali pa wazi, mchana au jioni, kiwe na watu zaidi ya wawili. Mwulize binti yako maswali hayo bila ukali, ili siku akikwazwa akuambie. Kumkataza watu wote kwa sababu ya mmoja ndiko kulikotufikisha tulipofika.

Huenda unajiuliza mama ambaye hakusoma sheria atasaidia nini. Jaribu hili. Mwanao akija likizo, mwambie akueleze kesi moja kwa Kiswahili wakati unakuna nazi. Usiikubali mpaka uielewe. Mkatize, mwulize kwa nini, mwulize ingekuwaje kama mambo yangekuwa hivi au vile. Akishindwa kukuelewesha wewe, bado hajaielewa, na ni afadhali agundue jikoni kuliko ukumbini. Sisi tumefanya hivyo likizo nzima. Mzee wetu wa nyumbani, ambaye mwanzoni alinung'unika kwamba chakula kinachelewa, sasa ndiye anayeuliza maswali magumu kuliko wote, hasa yanayohusu mipaka ya mashamba.

Sapu zilifanyika mwezi wa tisa. Alifaulu mbili. Ya tatu, ile ya mikataba, ilimshinda kwa alama nne, akaibeba hadi mwaka wa pili. Ilimwuma, nasi ilituuma, na hatukumficha. Mwaka uliofuata aliifanya pamoja na wadogo zake, na kwa kuwa alikuwa akiisikia kwa mara ya pili, wakaanza kumfuata baada ya kipindi kumwuliza. Aliifaulu kwa daraja la B.

Dada wa mwaka wa tatu amekwisha kuhitimu na kuondoka. Jumatano chini ya mwembe sasa ni zamu ya binti yetu na mwenzake, yule kijana mwembamba mwenye miwani. Wiki iliyopita alipiga simu, na mioyo yetu iliruka kidogo kama ilivyozoea. Alitaka tumtumie ile chupa kubwa ya chai ya jumuiya na sahani za plastiki, maana wamefika kumi na watano na wengine wanatoka darasani bila kula. Mama yake ametuma maandazi kwa basi la asubuhi kutoka Morogoro.